Ziara za katakombu za Roma

Ziara za katakombu za Roma ni matembezi yanayofanywa na mahujaji, watalii na wanafunzi katika makaburi ya chini ya ardhi yaliyochimbwa nje ya mji wa Roma, Italia, kuanzia karne ya 2 hadi karne ya 5 BK. Sehemu kubwa ya makaburi hayo ilikuwa ya Wakristo, ingawa yapo pia ya Wayahudi na ya wafuasi wa dini za jadi za Kirumi.

Mgeni haruhusiwi kuingia katakombu peke yake. Kila kundi huongozwa na mwongozaji aliyekubaliwa na wasimamizi wa mahali, hata kama wageni ni wawili tu. Sharti hilo lina sababu tatu: vichochoro vya chini ya ardhi ni vingi na mtu hupotea kwa urahisi, makaburi yaliwahi kuporwa kwa karne nyingi, na michoro iliyobaki huharibika upesi ikiachwa bila uangalizi. Tena, mambo mengi yanayosimuliwa kuhusu katakombu katika riwaya na filamu si ya kweli, na ni kazi ya mwongozaji kuyasahihisha.

Jina

Wakristo wa kwanza hawakuyaita makaburi yao "katakombu". Walitumia neno la Kigiriki lililoingia katika Kilatini kama coemeterium, maana yake "mahali pa kulala", kwa kuwa waliamini wafu wamelala tu wakisubiri ufufuko.

Jina "katakombu" lilikuwa la eneo moja tu kando ya barabara ya Via Appia, lililoitwa kwa Kilatini ad catacumbas. Inadhaniwa kwamba linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "karibu na mashimo", kwa sababu palikuwa na machimbo ya mawe. Leo mahali hapo pana Basilika la Mt. Sebastiani. Katika Karne za Kati makaburi mengine yaliposahauliwa, hayo yaliendelea kutembelewa, na hatimaye jina lake likatumika kwa makaburi yote ya namna hiyo, ndani na nje ya Roma. Katakombu nyingine zipo Napoli, Sirakusa, katika kisiwa cha Malta na barani Afrika, kwa mfano Sousse nchini Tunisia na Aleksandria nchini Misri.

Asili na uchimbaji

Sheria ya kale ya Waroma, iliyoandikwa katika Mbao Kumi na Mbili za karne ya 5 KK, ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Kwa hiyo makaburi yalipangwa kandokando ya barabara kuu zilizotoka mjini, kama vile Via Appia, iliyoanza kujengwa mwaka 312 KK.

Katika karne ya 2 BK desturi ya kuchoma maiti ilianza kupungua na watu wengi zaidi wakawa wanazikwa. Ardhi karibu na mji ilikuwa ghali, lakini chini yake palikuwa na tufo, yaani mwamba uliotokana na majivu ya volkeno. Tufo ni laini wakati wa kuchimbwa na hukakamaa baada ya kuguswa na hewa. Hivyo iliwezekana kupata nafasi nyingi katika kiwanja kidogo kwa kuchimba chini ya ardhi.

Kazi ilifanywa na mafundi walioitwa kwa Kilatini fossores, yaani wachimbaji. Walitumia sururu na taa za mafuta, wakitoa udongo kwa vikapu. Walichimba vichochoro vyembamba na virefu, na katika kuta zake wakatoboa matundu ya mstatili, moja juu ya lingine. Nafasi ilipokwisha walishuka chini zaidi, na kwa sababu hiyo katakombu kubwa zina ghorofa mbili, tatu au hata nne.

Aina kuu za makaburi ni hizi:

- Loculus: tundu la ukutani la kuzikia mtu mmoja, mara nyingine zaidi. Maiti ilizungushiwa sanda, kisha tundu likafungwa kwa matofali au kwa bamba la marumaru.
- Arcosolium: kaburi lililochimbwa chini ya tao, lililotumiwa na familia zenye uwezo zaidi.
- Cubiculum: chumba cha familia au cha kikundi, ambacho mara nyingi kina michoro kwenye kuta na dari.

Matundu madogo ya watoto wachanga ni mengi sana. Aghalabu ndiyo huwashangaza wageni kuliko makaburi ya watu mashuhuri, kwa kuwa yanaonyesha wazi jinsi watoto wengi walivyokufa katika mji wa kale. Katika lipu ya makaburi ya maskini, ambao hawakuweza kulipia maandishi, jamaa walibandika sarafu, kipande cha kioo, ushanga au kikaragosi ili waweze kulitambua kaburi la mpendwa wao.

Mwanzoni mwa karne ya 3 Papa Zefirino alimkabidhi shemasi wake Kalisto usimamizi wa makaburi ya Wakristo yaliyoko Via Appia. Kalisto, ambaye awali alikuwa mtumwa, baadaye akawa mwenyewe askofu wa Roma. Makaburi hayo yanaitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa yeye hakuzikwa humo bali kando ya barabara ya Via Aurelia.

Wageni wa kwanza

Ziara za katakombu zilianza wakati makaburi bado yanatumika. Ndugu wa marehemu walikuja kufanya kumbukumbu na kula chakula karibu na kaburi, desturi waliyokuwa nayo Waroma wote. Chini ya Basilika la Mt. Sebastiani paliwahi kuwa na ukumbi wa karamu hizo, na ukutani yameonekana maandishi mamia yaliyokwaruzwa na wageni wa karne ya 3 na ya 4 wakiwaomba Mitume Petro na Paulo wawakumbuke.

Baada ya dhuluma kukoma na Wakristo kupata uhuru wa dini mwaka 313, makaburi ya wafiadini yalianza kuvutia watu kutoka mbali. Mt. Jeromu alisimulia kwamba, alipokuwa mwanafunzi Roma katikati ya karne ya 4, siku za Jumapili alizoea kwenda na wenzake kutembelea makaburi ya mitume na wafiadini. Aliandika kuhusu giza la vichochoro hivyo na miale michache ya mwanga iliyopenya kutoka juu.

Papa Damaso I (366-384) ndiye aliyefanya zaidi kuandaa mahali hapo kwa ajili ya mahujaji. Aliamuru ngazi zijengwe, vyumba vipanuliwe na matundu ya mwanga yafunguliwe. Tena alitunga mashairi kwa heshima ya wafiadini, yakachongwa kwenye marumaru kwa herufi nzuri za msanii Furio Dionisio Filokalo. Katika shairi aliloliweka kwenye chumba cha Mapapa huko Mt. Kalisto, Damaso alieleza kwamba angependa kuzikwa hapo, ila aliogopa kusumbua masalia ya watakatifu. Hakika alizikwa kwingine.

Katika karne ya 7 yaliandikwa maelekezo kwa ajili ya mahujaji wageni. Yalitaja barabara moja baada ya nyingine, makanisa yaliyojengwa juu ya ardhi, ngazi za kushukia na mpangilio wa makaburi ya wafiadini. Maandishi hayo mafupi ndiyo vitabu vya kwanza vya kuongoza wageni katika katakombu za Roma, na miaka zaidi ya 1,000 baadaye yalisaidia kuzigundua upya.

Mahujaji wa zama hizo kwa kawaida hawakuchukua mifupa. Walichukua vitambaa vilivyogusishwa makaburini au mafuta ya taa zilizowaka mbele yake. Wakati wa Papa Gregori I (590-604) padri mmoja aitwaye Yohane alikusanya mafuta ya namna hiyo kwa ajili ya malkia Theodelinda wa Walombardi. Baadhi ya vichupa vyake na orodha ya makaburi aliyoyapitia vimehifadhiwa katika mji wa Monza.

Uporaji na kusahauliwa

Katika karne ya 6 vita vya Wagothi viliharibu makaburi mengi nje ya mji, na mwaka 756 Walombardi waliouzingira mji waliyapora tena. Mapapa wa karne ya 8 na ya 9, hasa Paulo I na Paskali I, waliamua kuhamishia masalia ya wafiadini ndani ya mji. Maandishi ya Basilika la Mt. Prakseda yanasema kwamba mwaka 817 yaliletwa humo masalia ya watu 2,300.

Mara mifupa ilipoondoka, mahujaji nao waliacha kuja. Ngazi zilizibwa na udongo na matundu ya mwanga yakafunikwa na vichaka, hata mahali pa katakombu nyingi pakasahauliwa. Ziliendelea kutembelewa chache tu, kama ile ya Mt. Sebastiani, ambapo Mt. Filipo Neri alikuwa akisali usiku katika karne ya 16. Kabla yake, katika karne ya 15, wataalamu wa Akademia ya Roma iliyoongozwa na Pomponio Leto waliingia katika baadhi ya vichochoro na kuandika majina yao ukutani.

Tarehe 31 Mei 1578 wafanyakazi waliokuwa wakichimba katika shamba la mizabibu kando ya Via Salaria walitoboa bila kutarajia njia ya kuingia kwenye katakombu yenye michoro. Habari ilisisimua mji mzima. Miaka michache baadaye Antonio Bosio, mzaliwa wa Malta, alianza kuzichunguza kwa utaratibu. Mwaka 1593 aliingia pamoja na wenzake katika katakombu ya Domitila, wakapotea kwa saa nyingi huku mishumaa yao ikielekea kwisha. Walipotoka salama, Bosio hakuacha kazi, ila alijifunza kuingia na akiba kubwa ya mishumaa na kuweka alama za njia. Alikufa mwaka 1629, na kitabu chake Roma sotterranea ("Roma ya chini ya ardhi") kilitolewa baada ya kifo chake.

Ugunduzi huo ulileta pia madhara. Katika karne ya 17 na ya 18 mifupa mingi ilitolewa na kupelekwa katika makanisa ya Ulaya, hasa ya nchi zinazosema Kijerumani, ambako ilivishwa nguo za fahari na vito vya thamani kama mifupa ya wafiadini. Mara nyingi hapakuwa na uthibitisho wowote kwamba marehemu aliuawa kwa ajili ya imani. Mabamba ya marumaru yalihamishwa, na michoro iliyobanduliwa ukutani ikavunjika. Kitu kilichoondolewa mahali pake bila kuandikiwa kumbukumbu hakiwezi tena kueleza kilikuwa cha nani wala cha wakati gani.

De Rossi na uchunguzi wa kisayansi

Mabadiliko yaliletwa na Giovanni Battista de Rossi (1822-1894), anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa akiolojia ya Kikristo. Mwaka 1849, katika shamba la mizabibu kati ya Via Appia na Via Ardeatina, aliona kipande cha marumaru chenye sehemu ya mwisho ya jina la mtu na neno "mfiadini". Akilinganisha na maelekezo ya mahujaji wa karne ya 7, alihisi kwamba kipande hicho kilitoka kwenye kaburi la Papa Korneli, aliyefariki mwaka 253. Alimshawishi Papa Pius IX anunue shamba hilo, na mwaka 1852 lilipatikana kaburi lenyewe pamoja na kipande kilichokosekana.

Mwaka 1854 de Rossi aligundua chumba cha Mapapa, ambamo walizikwa maaskofu tisa wa Roma wa karne ya 3. Maandishi ya Kigiriki yaliyosalia yanawataja watano kati yao: Ponsyano, Antero, Fabiani, Lusio I na Eutikiano. Mwezi Mei mwaka huohuo Pius IX alikuja mwenyewe, akiongozwa na mgunduzi, akaonyeshwa majina ya watangulizi wake.

Mwaka 1852 Pius IX aliunda tume ya akiolojia takatifu ili kulinda na kuchunguza katakombu. Mwaka 1925 Papa Pius XI aliipa hadhi ya tume ya Kipapa, na mwaka huohuo alianzisha taasisi ya kufundishia wataalamu. Kutokana na mapatano kati ya Ukulu mtakatifu na Italia ya mwaka 1929, yaliyorekebishwa mwaka 1984, usimamizi wa katakombu za Kikristo uko mikononi mwa Ukulu mtakatifu kupitia tume hiyo, ingawa ardhi iko Italia. Kwa mapatano hayo ya mwaka 1984 katakombu za Kiyahudi ziliachiwa serikali ya Italia.

Katakombu zinazotembelewa

Kuzunguka Roma zinajulikana katakombu takriban 60, lakini chache tu hufunguliwa kwa wageni wote. Nyingine huingiwa na watafiti au kwa kibali maalumu.

- Katakombu ya Mt. Kalisto (Via Appia) ina urefu wa karibu kilomita 20 za vichochoro. Wageni huonyeshwa chumba cha Mapapa, chumba cha Mt. Sesilia chenye nakala ya sanamu iliyochongwa na Stefano Maderno, na vyumba vyenye michoro ya karne ya 3 kuhusu ubatizo, karamu takatifu na habari za nabii Yona. Huongozwa na Wasalesiani wa Don Bosco.
- Katakombu ya Mt. Sebastiani (Via Appia) ina makaburi matatu ya Wapagani yaliyohifadhiwa vizuri pamoja na maandishi ya mahujaji kwa heshima ya Petro na Paulo. Mlinzi wake wa muda mrefu ni shirika la Ndugu Wadogo. Mwandishi Charles Dickens, aliyeingia humo akiongozwa na mtawa Mfransisko, aliisimulia ziara yake katika kitabu cha mwaka 1846.
- Katakombu ya Domitila (karibu na Via Ardeatina) ina takriban kilomita 17 za vichochoro na basilika la chini ya ardhi kwa heshima ya wafiadini Nerei na Akilei. Tarehe 16 Novemba 1965, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipokaribia kwisha, maaskofu wapatao 40 walikusanyika humo wakaahidi kuishi kwa ufukara. Ahadi yao inaitwa "Agano la Katakombu".
- Katakombu ya Prisila (Via Salaria) ina mchoro wa karne ya 3 wa mama aliyempakata mtoto, ambao wengi wanauona kuwa picha ya kale kuliko zote ya Bikira Maria. Huongozwa na masista Wabenedikto.
- Katakombu ya Mt. Agnes (Via Nomentana) iko pamoja na basilika la karne ya 7 na kaburi la duara la Konstantina, binti wa Kaisari Konstantino Mkuu, lenye mozaiki za karne ya 4.
- Katakombu ya Watakatifu Marselino na Petro (Via Casilina) iko karibu na kaburi la Helena, mama wa Konstantino. Ni maarufu kwa wingi wa michoro, na ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa.

Katakombu za Kiyahudi zinazojulikana zaidi ni zile za Vigna Randanini na Villa Torlonia, zenye michoro ya kinara cha matawi saba. Uchunguzi wa makaa yaliyokutwa katika lipu ya Villa Torlonia, uliotangazwa mwaka 2005, uliwafanya watafiti waone kwamba huenda Wayahudi wa Roma walianza kuzika hivyo kabla ya Wakristo.

Utaratibu wa ziara

Ziara ya kawaida huchukua dakika 30 hadi 45. Mara nyingi mwongozaji huanza juu ya ardhi kwa kueleza ramani na alama, kisha kundi hushuka kwa ngazi na kubaki pamoja hadi mwisho. Lugha za kawaida ni Kiitalia, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Makundi ya mahujaji yanaweza kuomba nafasi ya kuadhimisha Misa.

Chini ya ardhi joto hubaki karibu na nyuzi 15 au 16 za Selsiasi mwaka mzima, na hewa ina unyevu mwingi. Hata wakati wa kiangazi mgeni huhitaji nguo ya kujikinga na baridi. Ngazi ni nyingi na vichochoro ni vyembamba, hivyo ziara ni ngumu kwa watu wenye shida ya kutembea au wanaoogopa mahali pa kubana. Kupiga picha na kugusa kuta kumekatazwa.

Katakombu nyingi zina siku ya kufungwa: kwa kawaida Prisila hufungwa Jumatatu, Domitila Jumanne na Mt. Kalisto Jumatano. Tena nyingi hufungwa kwa majuma kadhaa wakati wa baridi. Tangu mwaka 2018 tume ya Kipapa huandaa pia Siku ya Katakombu, ambapo umma hualikwa kuona hata sehemu zisizofunguliwa kwa kawaida.

Kusoma alama na michoro

Sehemu kubwa ya kazi ya mwongozaji ni kueleza alama ambazo mgeni angezipita bila kuzitambua.

- Samaki: herufi za neno la Kigiriki kwa samaki (ichthys) ni za mwanzo za maneno "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi".
- Nanga: alama ya tumaini.
- Njiwa mwenye tawi la mzeituni: amani ya roho ya marehemu.
- Mchungaji aliyebeba kondoo: Kristo anayemwokoa mwamini. Sanaa ya Kirumi ilikuwa na sura hiyo hata kabla ya Ukristo.
- Mtu aliyeinua mikono: mwenye kusali.
- Yona, Danieli kati ya simba na vijana watatu katika tanuri: watu waliookolewa na Mungu katika hatari ya kufa.

Si kila mchoro una maelezo yaliyokubaliwa na wote. Mfano ni karamu iliyochorwa katika chumba kiitwacho Kapela ya Kigiriki, ndani ya katakombu ya Prisila. Wengine wanaona humo adhimisho la ekaristi, na baadhi yao wanadai kwamba washiriki ni wanawake, hivyo mchoro unathibitisha kuwa wanawake walikuwa na huduma ya kipadri. Wasimamizi wa katakombu wanakataa hoja hiyo na kuona mchoro kama karamu ya kumbukumbu ya wafu. Mjadala huo ulisikika sana katakombu hiyo ilipofunguliwa tena mwaka 2013 baada ya ukarabati.

Je, Wakristo walijificha humo?

Wageni wengi hufika wakiamini kwamba Wakristo waliishi katakombu wakati wa dhuluma. Jambo hilo lilienezwa na riwaya za karne ya 19, kisha na filamu. Hata hivyo wataalamu wanalikataa. Makaburi yalijulikana na serikali, yalikuwa kandokando ya barabara kuu, na hayakuwa na hewa wala nafasi ya kutosha kwa watu kukaa kati ya maiti zinazooza. Tena sehemu kubwa ya vichochoro ilichimbwa katika karne ya 4, wakati dhuluma zilipokuwa zimekwisha.

Ni kweli lakini kwamba makaburi yenyewe yaliguswa na dhuluma. Mwaka 257 Kaisari Valerian alikataza Wakristo kukusanyika na kuingia makaburini mwao. Tarehe 6 Agosti 258 Papa Siksto II alikamatwa makaburini na kuuawa pamoja na mashemasi wanne, kisha akazikwa katika chumba cha Mapapa. Hivyo Wakristo hawakuwa wakijificha humo, bali walikuwa na ujasiri wa kuendelea kwenda kwa wafu wao hata walipokatazwa.

Uhifadhi

Kufungua katakombu kwa wageni kunaleta fedha za kuzitunza, lakini pia kunaziharibu. Pumzi za watu huongeza unyevu na hewaukaa, na mwanga wa taa huotesha kuvu na miani ya kijani juu ya michoro. Kwa sababu hiyo ukubwa wa makundi, muda wa ziara na taa zenyewe hudhibitiwa. Mwamba wa volkeno hutoa pia gesi ya radoni, hivyo vipimo hufanyika, hasa kwa ajili ya waongozaji na wafanyakazi wanaoshinda humo siku nyingi.

Tangu miaka ya karibuni mafundi hutumia leza kuondoa tabaka jeusi la moshi, chokaa na vijidudu bila kubandua rangi. Mwaka 2017 zilionyeshwa kazi za namna hiyo katika vyumba viwili vya katakombu ya Domitila. Kimojawapo ni cha watu wa biashara ya ngano na mikate, ambamo imeonekana tena michoro ya nafaka ikiletwa mjini. Pamoja na hiyo lilijitokeza jina la Bosio, aliloliandika mwenyewe kwa makaa juu ya mchoro, kama walivyofanya wageni wengi wa zamani. Wahifadhi wameliacha mahali pake, kwa kuwa sasa nalo ni sehemu ya historia ya katakombu.